Kabati Lililokosa Kilemba

Mwanangu, umeniletea mchoro wa nyumba yako ukitaka niusifu, nami nimeutazama nikanyamaza. Usidhani nimezeeka hata nimeishiwa maneno. Naona madirisha yote umeyafanya sawa, mlango umeuweka katikati kabisa, na mstari wa rangi unaukata ukuta nusu kwa nusu, kama mtu anayewagawia mkate watoto wagomvi. Kabla sijasema lolote juu ya mchoro huo, ngoja nikuambie habari ya Jumapili moja mtaani Shari, hapa hapa Bunia, siku ambayo kwa hasira yangu karibu nimkose Ngave, huyu ambaye leo unamwita bibi.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kwisha, na nchi yetu bado iliitwa Zaire. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka Butembo na cheti cha shule ya ufundi, nikapata kazi kwa seremala mmoja mzee aliyeitwa Muzee Lobo. Karakana yake ilikuwa mabati juu ya nguzo sita, kando ya njia ya sokoni. Muzee Lobo hakusoma. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, ameivaa shingoni tangu asubuhi hadi jioni, na akitaka kupima kitu aliikunja mara mbili au mara tano, akatia alama kwa kipande cha mkaa. Mimi nilikuwa na metre ya kukunjwa, ya manjano, iliyoandikwa hesabu zake zote. Nilimheshimu mzee kwa mdomo, lakini moyoni nilimhesabu kuwa mtu wa zamani. Kijana akipata cheti, humchukua muda kujua kwamba ni karatasi.

Ngave alikuwa binti wa wakulima wa maharagwe na kabichi, watu wa milima ya Djugu waliokuwa na nyumba yao Shari. Nilikwisha kumposa, na baba yake alikwisha kupokea mbuzi wangu wawili wa kwanza. Katika nyumba ile kulikuwa na desturi waliyoishika sana. Mchumba na mama mkwe hawakusemezana hadi siku ya ndoa. Hawakula pamoja, wala mchumba hakugusa kitu chochote ambacho mama huyo huvaa. Neno likiwapo, lilipitia kwa shangazi yake Ngave, mama mmoja mnene mcheshi aliyeitwa Shangazi Dhesi. Kwa hiyo Mama Ngave hakuwahi kuniambia hata neno moja, nami nikaufanya ukimya wake kuwa sifa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini masikio yangu siku zile yalijaa sauti yangu mwenyewe.

Nikaamua kumtengenezea mama mkwe kabati la vyombo. Nilitafuta mbao za libuyu, zile nyekundu zinazoletwa na malori kutoka msitu wa upande wa Mambasa, nikazipiga randa mpaka zikateleza kama sabuni. Kabati lilikuwa na urefu wa sentimita mia na themanini. Juu niliweka milango ya vioo, chini milango ya mbao. Vioo tisini, mbao tisini. Nilipima mara tatu, na kila mara metre iliniambia kwamba sikukosea hata unywele.

Muzee Lobo akaja, akafumba jicho moja, akaitazama kazi.

"Iko sawasawa," akasema. Akageuka kwenda zake, kisha akaongeza bila kuniangalia, "Sawasawa muno."

Nilitabasamu siku nzima. Sikujua kwamba kwa lugha ya Muzee Lobo nilikuwa nimekwisha kukosolewa.

Tukalipeleka kabati Shari kwa mkokoteni. Baba yake Ngave alipiga makofi, majirani wakaja kujitazama katika vioo, Shangazi Dhesi akapiga vigelegele vya kutosha harusi mbili. Mama Ngave alisimama mlangoni pa jikoni. Alilitazama kabati kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu, halafu tena, akarudi jikoni. Macho hayana pazia, nami niliyaona macho yake yakipanda na kushuka. Nikadhani anashangaa.

Baada ya majuma mawili nikaenda kusalimia. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na sebule ilikuwa imejaa wageni waliotoka Djugu. Nilipoingia, nikaona kabati langu limefunikwa. Kitambaa cha buluu chenye ndege wa manjano kilikuwa kimelazwa juu yake na kuteremka mbele, kikiziba sehemu ya vioo vyangu. Pembeni mtu alicheka. Leo najua alicheka kwa habari ya jogoo wake, lakini wakati ule nilikuwa na hakika kwamba ananicheka mimi. Nikajisemea kwamba mama huyu anaona haya kwa kazi yangu mbele ya watu wa kwao. Damu ikanipanda.

Niliinuka, nikashika kile kitambaa, nikakivuta.

"Kama kabati yangu inawapatia haya, museme!" nilipaza sauti. "Musiifunike kama maiti!"

Shangazi Dhesi alikuja akakichukua kitambaa mkononi mwangu polepole, kama unavyomnyang'anya kisu mtoto mdogo. Hapo ndipo nilipouona upindo wake, umekatwa karibuni na kushonwa kwa mkono. Nikainua macho. Mama Ngave alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, amejifunga kiunoni nusu ya pili ya nguo ile ile, ndege wale wale wa manjano. Alikuwa amekikata kikwembe chake, kitenge chake cha ibada, ili alivishe kabati langu.

Kwetu, mwanangu, kikwembe cha mama ni mama mwenyewe. Kuna watu wameapa juu yake, kuna watu wamezikwa nacho. Nami, mchumba, ambaye sikuruhusiwa hata kugusa ukingo wake uanikwapo kwenye kamba, nilikuwa nimekivua mbele ya sebule nzima.

Baba yake Ngave hakupandisha sauti. "Kasereka," alisema, "weye umemuvua mama ya watu kikwembe mbele ya wageni. Enda kwenu."

Nilimtazama Ngave. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikatoka. Kesho yake asubuhi nilipofika kazini, nilikuta mbuzi wangu wawili wamefungwa kwenye nguzo ya karakana. Sikuhitaji barua. Niliketi juu ya rundo la mbao, nikalia, na sioni haya kukwambia.

Muzee Lobo alifika, akawaona mbuzi, akayaona na macho yangu. Kwanza aliwakatia mbuzi majani. Ndipo akakaa.

"Kitambaa ilifika wapi?" akauliza.

"Muzee, mimi niko napoteza muchumba, na weye unauliza kitambaa?"

"Ilifika wapi?"

"Sijue. Sikuangalia."

"Basi ulivuta kitu yenye haukuangalia," akasema. "Na ile kabati pia, ulipima kitu yenye haukuangalia. Metre yako ndiyo iliangalia. Weye ulikuwa wapi?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa fimbo. Hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo.

Alinipa chokaa akaniamuru nilichore kabati lile ukutani, kwa urefu wake kamili, vioo vyake na mbao zake. Nikachora. Kisha akachukua gunia kuukuu la kahawa, akalikunja, akanipa nilishike juu ya mchoro, nilishushe polepole kama kitambaa kinavyoteremka. Yeye mwenyewe akaenda kusimama njiani, akaita wapita njia. Wa kwanza alikuwa mama muuza samaki wakavu wa ziwani, na beseni lake kichwani.

"Mama, ukiona imekaa muzuri, sema."

Nilishusha gunia. Lilipofika mahali fulani, yule mama akasema, "Hapo," akaendelea na safari yake bila hata kuuliza tunafanya nini. Nikaweka alama. Akaja katekista mmoja, akasema hapo karibu na alama ya kwanza. Wakaja wanawake wawili waliotoka kuteka maji, wakabishana kidogo, wakaishia mahali pale pale. Fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya njia alisema mahali pengine kabisa, chini mno, na mpaka leo sijui kwa nini. Nakutajia na yeye kwa sababu alikuwapo, na mzee asiyetaja ushahidi unaompinga anakudanganya.

Mwishoni Muzee Lobo alinishikia gunia, nami nikaenda kusimama mbali. Likashuka. Sikupiga hesabu yoyote. Kifuani kitu kilitulia, nikajisikia nikisema, "Hapo."

Nikapima kwa metre yangu. Gunia sentimita thelathini. Vioo vilivyobaki wazi, sitini. Mbao za chini, tisini. Moja, mbili, tatu. Nikabaki nimeduwaa, kwa sababu thelathini ndipo nilipofunga bawaba za juu za milango ya vioo, na ghafla nikakumbuka vizuri kitambaa cha Mama Ngave kilikofika. Upindo wake ulikuwa umegusa bawaba zile. Mama ambaye hajawahi kushika metre alikuwa ameipata hesabu ile kwa kukaa na kutazama, halafu hakutaka kunitia aibu kwa kunituma nikaondoe kabati. Alilirekebisha kwa nguo ya mwilini mwake, kwa njia pekee ambayo desturi ilimruhusu kusema nami.

"Muzee, sababu ya nini inakuwa vile?" nikauliza.

"Sijue," akasema Muzee Lobo. "Baba alinionyesha kamba, na yeye hakujua. Lakini vitu viwili vyenye viko sawasawa vinagombana. Hakuna yenye inakubali ingine ikuwe mukubwa."

Siku hiyo hiyo tuliwafungua mbuzi tukaenda nao Shari kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Penye wazee haliharibiki neno, na kama ningekwenda peke yangu nisingefunguliwa hata lango. Tuliketi kwenye benchi nje ya nyumba. Mama Ngave alikuwa ndani, hatua nne kutoka pale, na dirisha lilikuwa wazi. Hata hivyo Shangazi Dhesi alisimama mlangoni akabeba kila neno kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kuja nje, ingawa sote tulikuwa tumekwisha kulisikia. Nilisema nimekosa. Nilisema nilidhani nimedharauliwa, kumbe nilikuwa nafundishwa. Nilisema kitambaa kilifika kwenye bawaba, na kwamba sasa nimeona kwa nini.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Ngave ikimwambia shangazi, na shangazi akanirudishia neno kwa neno:

"Mama anasema, kabati iko muzuri. Anasema alikuwa anaikaa mbele yake kila siku, na jicho yake ilikuwa inapanda inashuka, inapanda inashuka, haipate pa kukaa. Anasema ilikosa tu kilemba."

Baba yake Ngave akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko. Kisha shangazi akaongeza, "Mama anasema, mwenye kuitoa aje airudishe."

Nikaingia. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Niliomba ruhusa ya kukigusa, shangazi akalipeleka ombi hatua mbili, akaileta ruhusa. Nikakilaza juu ya kabati, nikakiteremsha mbele, nikatoa metre yangu mfukoni nikapima kwa uangalifu. Thelathini kamili. Nikarudi nyuma nikingoja.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Shusha kidogo."

Haikuwa ya shangazi. Shangazi Dhesi alikuwa amesimama kinywa wazi, hana neno la kubeba. Mama Ngave alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza, na lile lilikuwa neno la kwanza aliloniambia maishani mwake. Mama hazungumzi na mchumba. Mama huzungumza na mtoto wake. Nilielewa kwamba nimesamehewa, na kwamba Ngave ni wangu.

Nikakishusha upana wa kidole kimoja.

"Hapo," akasema Mama Ngave.

Na kweli, mwanangu, palikuwa hapo.

Tulioana baada ya mavuno. Miaka iliyofuata, ile ya themanini, nilipata karakana yangu, na nikawa na tabia ya kupima kila kitu kilichonipendeza, mpaka Ngave akasema nimerogwa. Nilipima milango ya makanisa, vigoda, vinu, pembe za ng'ombe, mikeka. Mara nyingi nilikuta mbili kwa tatu, au kitu kilicho karibu nayo, lakini si mara zote. Mtungi wa maji wa Mama Ngave mwenyewe haukufuata hesabu yoyote niliyoijua, na ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote katika nyumba ile. Kwa hiyo nisikuuzie moja-mbili-tatu kama dawa ya mganga. Mimi huwaza kwamba jicho la mtu hupenda kitu kisimame kama yeye mwenyewe anavyosimama, kidogo juu na kizito chini, kwa sababu ndivyo asivyoanguka. Huwaza pia kwamba hupenda kuona nani mkubwa na nani mdogo, lijue lianzie wapi. Huenda ni mazoea tu ya nyuso za mama zetu. Sijui, kama Muzee Lobo asivyojua.

Lakini kile kidole kimoja nilikuja kukielewa. Mimi nilikuwa nikipima nimesimama. Mama Ngave alilitazama kabati ameketi kwenye kigoda, chini, siku zote mahali pale pale. Kilichokuwa sawa kwa msimamaji kilimpungukia mkaaji kwa kidole. Kitu hakipendezi hewani, mwanangu. Kinampendeza mtu aliye mahali fulani.

Mama Ngave alifariki miaka hiyo hiyo ya themanini, majira ya kiangazi, kwa ugonjwa mfupi. Walinipa mimi kazi ya msalaba wa kaburi. Nilichagua libuyu. Siri ya msalaba ni pale unapoweka mti wa kukingama. Ukiuweka katikati, msalaba unakuwa alama ya kujumlisha ya mtoto wa shule. Ukiupandisha mno, unakuwa nguzo. Sikuupigilia msumari karakanani. Nilikwenda nao makaburini vipande viwili, nikausimika mti mrefu, nikamshikisha shemeji yangu ule wa kukingama, na nikamwita Ngave asimame pale ambapo angekuwa anasimama kila akija kumtembelea mama yake. Mti ukashuka polepole. Ngave alikuwa analia, lakini alitazama.

"Hapo," akasema.

Nikapigilia msumari. Metre ilibaki mfukoni, na mpaka leo sijui ni sentimita ngapi.

Sasa turudi kwenye mchoro wako. Kwanza, usifanye vitu sawasawa kwa woga wa kukosea. Sawasawa ni mahali pa kujificha mtu asiyetaka kuchagua. Kitu kimoja na kiwe kikubwa na kingine kikubali kuwa kidogo, nyumba itatulia. Pima, ndiyo, metre si adui, lakini ukimaliza kupima, tazama. Kisha muulize atakayeketi pale kila siku ameketi wapi. Na mtu akiifunika kazi yako, usivute kitambaa kabla ya kukitazama. Huenda amekata nguo yake kwa ajili yako. Hasira hasara, na mimi nusura iniletee hasara ya maisha yangu yote.

Nenda ukachore tena. Mungu wa baba zetu akujalie jicho lenye subira na mkono usiotetemeka sana. Nyumba yako isimame, isipasuke wala isihamwe. Na humo ndani asikose kamwe mtu anayekupenda kiasi cha kukwambia: shusha kidogo.